Kujitenga, Kutengwa, Kutengana

Kuna mchezo kwenye intaneti unaoitwa NationStates. Baadhi ya wanafunzi wa kitivo chetu wanaufahamu, hasa wale wa idara ya Kiingereza, kwa sababu hauna bunduki wala picha zinazokimbia. Ni maandishi matupu ya Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ulianzishwa mwezi wa Novemba 2002 na Max Barry, mwandishi wa riwaya kutoka Australia, aliyetaka kuitangaza riwaya yake Jennifer Government iliyokuwa karibu kutoka. Tangazo lilipita, mchezo ukabaki, na hadi leo watu wa mabara yote wanaucheza.

Anayeingia anapewa nchi. Anaichagulia jina, bendera, fedha, mnyama wa taifa na kaulimbiu. Kisha serikali yake inaletewa matatizo ya kuamua: kodi, magereza, shule, dini, misitu. Kila jibu lina matokeo yake. Uhuru wa raia hupanda au hushuka, uchumi hunona au hukonda, na hakuna jibu lisilo na gharama. Nchi ambayo mwenyewe hajaitembelea kwa siku 28 hufutika kwenye orodha, isipokuwa kama aliaga mapema kwamba anakwenda likizo.

Lakini wanaokaa muda mrefu katika mchezo huu hawakai kwa ajili ya kodi na magereza. Wanakaa kwa ajili ya maeneo. Kila nchi huishi ndani ya eneo pamoja na nchi nyingine, na eneo lina mwanzilishi wake, ubao wa ujumbe wake, na mjumbe anayepatikana kwa kuungwa mkono na nchi zilizojiunga na Baraza la Dunia. Baraza hilo zamani liliitwa Umoja wa Mataifa, mpaka mwaka 2008, Umoja wa Mataifa wenyewe, ule wa New York, ulipotaka jina lake lisitumiwe. Kanuni za mchezo zinaishia hapo. Katiba, mabunge, mahakama, ramani, mikataba na sherehe za kila mwaka ni vitu ambavyo wachezaji wamejitungia wenyewe, na wanavishika kwa bidii kuliko raia wengi wanavyoshika katiba za kweli.

Mimi niliingia nikiwa mwaka wa pili wa lisansi. Mwalimu wetu alikuwa ametuambia kwamba anayetaka kuandika Kiingereza cha hoja lazima atafute watu wa kubishana nao kwa maandishi kila siku. Mchezo wa maandishi hauli mega nyingi, na unafunguka hata kwenye simu ya zamani wakati mtandao umelegea. Nilijiunga na eneo la nchi zisizofika mia moja. Jina lake silitaji hapa, kwa kuwa wenyewe hawajui kwamba ninaandika habari zao, na wengine ni vijana wadogo kuliko mimi. Baada ya mwaka mmoja nilichaguliwa kuwa mmoja wa makatibu wa bunge letu. Kazi yangu ilikuwa kufanya muhtasari wa mijadala. Ndiyo sababu nilisoma neno kwa neno mjadala ninaotaka kuueleza hapa, uliodumu karibu majuma matatu, kuhusu kundi la nchi lililotaka kujitenga na eneo letu.

Kundi hilo halikuzaliwa kwetu. Lilikuwa na eneo lake dogo, likaungana na letu miaka miwili kabla sijaingia. Wakati wa kuungana waliahidiwa mambo matatu: kwamba watakuwa na kona yao kwenye ramani, kwamba sherehe yao ya kila mwaka itaendelea, na kwamba mmoja wao atakuwa daima katika baraza la mawaziri. Ahadi mbili za kwanza zilitimizwa. Ya tatu ilitimizwa mara mbili, kisha bunge likabadilisha katiba ili mawaziri wote wachaguliwe kwa kura ya jumla. Kwa kura ya jumla, kundi la watu wachache halipati kiti. Waliandika malalamiko. Walijibiwa kwamba kura ni kura. Wakaandika tena, safari hii wakisema kwamba wanaondoka.

Hapo ndipo nilipoanza kushangaa. Katika mchezo huu hakuna mtu anayeweza kukuzuia kuondoka. Nchi yoyote hubonyeza kitufe kimoja, na papo hapo iko katika eneo jingine. Hakuna mpaka, hakuna jeshi, hakuna ushuru wa kulipa. Vita vyenyewe havimo katika kanuni. Vipo tu kwa wale wanaokubaliana kuviandika kama hadithi. Kwa nini basi watu wazima, wengine wakiwa na kazi na watoto, wanabishana majuma matatu kuhusu mlango ambao haujawahi kufungwa?

Nilipata jibu polepole, nikiandika muhtasari. Kila nchi peke yake ilikuwa huru kuondoka. Wao hawakutaka kuondoka mmoja mmoja. Walitaka kuondoka kama watu, kwa jina lao, na kona yao ya ramani, na kumbukumbu za mijadala yao ya zamani, na mikataba waliyokuja nayo. Walitaka wanaobaki wakiri kwamba waliokuwa wakiondoka ni kitu kimoja. Anayehama nyumba peke yake hamwombi mtu ruhusa. Ukoo unaohama unataka ujulikane kuwa ni ukoo, na unataka kuchukua picha za wazee zilizo ukutani. Wenye nyumba nao wanasema picha hizo zimekuwa za nyumba nzima.

Mjadala ulikuwa kwa Kiingereza, na muhtasari wangu nilikuwa nikiuandika kwanza kwa Kiswahili katika daftari, kwa sababu ndivyo ninavyofikiri haraka. Kiingereza na Kifaransa vina neno moja tu la jambo hili, kutoka Kilatini, na neno hilo halisemi sana nani amemfanya nani nini. Kiswahili kilinibana. Kila mara nilipofika kwenye neno hilo ilinibidi nichague. Walijitenga? Walitengwa? Tulitengana? Au tulitenganishwa?

Sisi wa kitivo hiki tumefundishwa kauli za kitenzi tangu mwaka wa kwanza, na wengi wetu tunazichukua kama meza ya kukariri kabla ya mtihani. Hebu tuzitazame hapa. Kutenga ni kuweka kando: mama hutenga unga wa kesho, serikali hutenga fedha. Ukiweka -ji-, tendo linamrudia mtenda: anayejitenga ndiye aliyeamua, na lawama, kama ipo, ni yake. Ukiweka kauli ya kutendwa, mambo yanageuka: aliyetengwa amefanyiwa, na mtenda amejificha nyuma ya kitenzi. Ukiweka kauli ya kutendana, kuna pande mbili na kila mmoja ana sehemu yake. Na ukisema walitenganishwa, umemleta mtu wa tatu, ambaye hakuwa miongoni mwa ndugu, aliyeingiza mkono katikati.

Nilipozirudia kurasa zangu, niliona kwamba ugomvi wote wa majuma yale ungeweza kupangwa kwa kauli hizo nne. Bunge letu lilisema: wanajitenga. Wao walisema: tulitengwa siku mlipobadilisha katiba, leo tunatangaza tu kilichokwisha kutokea. Wapatanishi walisema: tunatengana, basi tutengane kwa heshima. Na baadhi ya wakongwe walinong'ona kwamba kuna eneo jirani lililokuwa likiwavuta kwa ahadi za vyeo, kwamba tunatenganishwa. Hakuna upande uliodanganya. Kila upande ulichagua kauli, na kwa kuchagua kauli ulikuwa umekwisha kutoa hukumu.

Hoja zilizoletwa hazikuwa za kitoto. Mchezaji mmoja aliyejitambulisha kuwa Mkanada alileta uamuzi wa Mahakama Kuu ya Kanada wa mwaka 1998 kuhusu Quebec: kwamba jimbo halina haki ya kujitoa kwa uamuzi wake peke yake, lakini kama wakazi wake wengi, kwa wazi, wakijibu ndiyo kwa swali lililo wazi, wengine wote wana wajibu wa kukaa mezani kujadiliana. Mwingine alikumbusha kwamba katiba ya Ethiopia ya mwaka 1995, katika ibara ya 39, inayapa mataifa yaliyomo ndani yake haki ya kujiamulia mambo yao hata kufikia kujitenga. Mwingine alitaja kura ya Scotland ya mwaka 2014, ambapo asilimia 55 walikataa kuondoka Uingereza na kesho yake watu wakaenda kazini. Mimi niliongeza azimio la Kairo la mwaka 1964, ambalo kwalo wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliapa kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Nilieleza pia kwamba Sudan Kusini, iliyopiga kura mwezi wa Januari 2011 na kuwa nchi mwezi wa Julai mwaka huohuo, ilipata uhuru baada ya vita virefu na mkataba wa amani uliotiwa sahihi na serikali ya Khartoum yenyewe.

Usiku mmoja mwenzangu wa chumbani alisoma skrini yangu juu ya bega. Akauliza, kwa sauti ya chini, ninaandika nini kuhusu kujitenga. Nilimwambia ni mchezo. Akasema, "Ndugu, hata kama ni mchezo, hapa kwetu neno hilo usiliandike kubwakubwa." Alikuwa akicheka, lakini nusu tu.

Hakukosea. Ibara ya kwanza ya katiba yetu ya mwaka 2006 inasema kwamba nchi yetu ni moja na haigawanyiki. Ibara hiyohiyo inazitaja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Kuna vita mashariki, na hofu ya nchi kukatwa vipande inajadiliwa kanisani, sokoni na kwenye basi. Mtu akitamka neno kujitenga, wasikilizaji hawaulizi hoja yake ni ipi. Wanauliza ametumwa na nani. Siwalaumu. Nchi iliyokwisha kuraruliwa ina haki ya kuogopa mkasi. Lakini matokeo yake ni kwamba sisi, watoto wa Lubumbashi, tunaishi katika mji uliokuwa makao makuu ya kujitenga kulikojulikana dunia nzima, na hatuna msamiati wa kukuzungumzia bila kunong'ona.

Tunayajua mambo ya juujuu. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe wa chama cha CONAKAT akatangaza kwamba Katanga ni nchi. Ilikuwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, fedha yake, stempu zake, maofisa wa Ubelgiji katika jeshi lake, na kodi za Union Minière katika hazina yake. Hakuna serikali hata moja iliyoitambua rasmi. Mwezi uliofuata, Albert Kalonji akaitenga Kasai ya Kusini, yenye almasi. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa si mbali na mji wetu. Septemba ya mwaka huo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola akienda kuonana na Tshombe. Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa walimaliza jambo lile kwa nguvu. Na mwezi wa Julai 1964 Tshombe yuleyule aliyeivunja nchi akawa Waziri Mkuu wa nchi nzima.

Sasa weka kauli. Katanga ilijitenga? Ndivyo vitabu vya shule vinavyosema. Ilitenganishwa? Ndivyo wanavyosema wanaoitazama Ubelgiji na kampuni ya madini. Ilitengwa? CONAKAT walidai kwamba serikali ya Kinshasa, wakati huo Léopoldville, iliwanyima nafasi yao. Sentensi tatu, kitenzi kimoja, na historia tatu tofauti.

Nyumbani kwetu kuna historia mbili kati ya hizo, chini ya paa moja. Nkambo wangu wa kiume alikuwa kijana mdogo mjini Élisabethville wakati huo. Anakumbuka mitaa iliyofagiliwa, bei ya unga, na gwaride. Hazungumzi siasa; anazungumza bei ya unga. Nkambo wangu wa kike ni Muluba wa kaskazini. Watu wa kaskazini, waliokifuata chama cha BALUBAKAT cha Jason Sendwe, waliikataa Katanga ya Tshombe, na askari wakatumwa huko, vijiji vikachomwa. Mwaka 1961, Waluba waliokuwa wakiishi mjini walikimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa, na kambi yao ikajaa makumi ya maelfu ya watu. Yeye alikuwa mmoja wao, mtoto wa miaka minane hivi. Anakumbuka foleni ya maji na blanketi lililokuwa likinuka moshi.

Walioana mwaka 1972, wakati jimbo lenyewe lilikuwa limekwisha kupewa jina jingine, Shaba. Wamezaa watoto saba. Sijawahi kuwasikia wakijadili miaka ile wakiwa wawili. Mmoja akianza, mwingine huinuka kwenda kutazama jikoni au kufunga lango.

Majuma yale ya mjadala nilikwenda kwao Jumapili moja, na nkambo wangu wa kike alikuwa peke yake uani akichambua matembele. Nilimuuliza moja kwa moja, kwa Kiswahili cha nyumbani, kama watu wa Katanga walijitenga kweli. Alikaa kidogo. Kisha akasema: "Bakubwa njo balijitenga. Shiye balitutenga." Akaendelea na majani yake.

Hajasoma isimu. Lakini katika sentensi mbili alitumia kauli mbili za kitenzi kimoja na akasema jambo ambalo sijalikuta limesemwa vizuri zaidi katika kitabu. Wakubwa wanapojitenga, wadogo wanatengwa. Kila kundi linaloondoka lina ndani yake kundi jingine ambalo halikutaka kuondoka, na hilo ndilo halipigiwi simu.

Niliporudi kwenye mchezo nililitafuta kundi hilo, nikalikuta. Kati ya nchi zilizohesabiwa kuwa za waondokao, kulikuwa na tatu ambazo hazikuandika neno lolote. Niliwaandikia kwa faragha. Mmoja alijibu kwamba alijiunga na lile eneo dogo siku chache tu kabla ya muungano, kwamba marafiki zake wote wako kwetu, na kwamba hakuna aliyemuuliza. Viongozi wa waondokao walikuwa wakimhesabu kila siku katika idadi yao, na bunge letu lilikuwa limekwisha kupendekeza afungiwe ubao pamoja na wengine. Alikuwa akivutwa na pande mbili, na pande zote mbili zilikuwa zikisema kwa jina lake.

Jambo la pili nililoanza kulitazama ni majina. Katika juma la kwanza, waondokao waliitwa kwa jina la eneo lao la zamani, na lilikuwa jina la heshima. Katika juma la pili wakaanza kuitwa wageni. Katika juma la tatu mtu mmoja wa upande wetu aliwaita vimelea. Wengine wakaweka alama za kucheka.

Mimi sikucheka, na kila mtu wa Lubumbashi atajua kwa nini. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo letu kwa maelfu kwa maelfu. Walikuwa wamezaliwa hapa, wengine baba zao pia. Walilala majuma mengi kwenye vituo vya reli wakingoja treni, na wengi walifia hapo au njiani. Kabla hawajafukuzwa walikuwa wamekwisha kupewa jina: bilulu, wadudu. Ni neno la kawaida kabisa la Kiswahili cha kwetu. Mama anaweza kulitumia asubuhi akiona wadudu kwenye maharagwe. Lilihamishwa tu kutoka kwenye maharagwe likawekwa juu ya jirani. Hatua ya kwanza ya kumtenga mtu ni kumhamisha katika ngeli. Anatolewa katika ngeli ya mtu na watu, anawekwa katika ngeli ya vitu, na kitu hakiagwi kinapotolewa nje.

Kwa kuwa nilikuwa katibu, nilikuwa na haki ya kupeleka hoja. Niliandika mapendekezo manne, ukurasa mmoja. Kwanza, majina ya matusi yafutwe kwenye kumbukumbu na anayerudia anyamazishwe kwa juma moja, awe wa upande wetu au wao. Pili, kura ipigwe na kila nchi ya kundi hilo peke yake, kwa siri, na swali liwe moja: unataka kuondoka na kundi hili, ndiyo au hapana. Tatu, atakayesema hapana abaki na haki zake zote, na atakayesema ndiyo aweze kurudi bila kuomba msamaha. Nne, kumbukumbu za miaka miwili zinakiliwe, kila upande uwe na nakala kamili, kwa sababu historia ya pamoja haiwezi kukatwa kama shamba.

Nilieleza pia, kwa Kiingereza changu cha Lubumbashi, ninatoka wapi na bilulu maana yake nini. Sikuweka mapambo. Kwa saa kadhaa hakuna aliyeandika kitu. Kisha aliyewaita wenzake vimelea aliandika kwamba ameelewa, akaondoa maneno yake. Mapendekezo yalipita, la nne kwa shida.

Kundi lilipiga kura na wengi wao wakaondoka. Wale watatu walibaki, na mmoja kati ya waliotarajiwa kuondoka akabaki nao. Waondokao walianzisha eneo lao, wakaweka bendera yao ya zamani. Miezi minne baadaye nchi zao kadhaa zilikuwa zimefutika kwa kutotembelewa, nyingine zimehamia kwingine, na tano hivi zilikuwa zikiendelea kwa furaha, zikialikana na sisi katika sherehe ya kila mwaka. Kwetu pia ubao ulipungua sauti. Walikuwa ndio wabishi wetu wazuri.

Tusiupe mchezo huu sifa isiyo yake. Kitu kikubwa ambacho haukijui ni ardhi. Katika NationStates eneo si mahali, ni orodha. Anayeondoka hamwachii mtu kaburi la baba yake. Hakuna mgodi chini ya orodha, hakuna reli, hakuna mto wa kugawana maji. Walionyamaza walibaki kwa kutobonyeza kitufe; nkambo wangu hakuwa na kitufe. Katika maisha ya kweli swali la kwanza ni shaba iko upande gani, na wanaojibu swali hilo mara nyingi hawaishi upande wowote. Pia Baraza la Dunia la mchezo halina jeshi, nalo lile la kweli lililo na askari lilikaa Katanga miaka miwili na nusu kabla ya kumaliza kazi.

Hata hivyo kuna jambo moja mchezo uliniwezesha kufanya ambalo darasani, nyumbani wala barabarani sikuwa nimeweza kulifanya: kusikiliza hoja ya anayetaka kuondoka mpaka mwisho, bila kumuuliza ametumwa na nani, na kubaki nikiamini kwamba kubaki pamoja ni bora. Ninaamini hivyo kuhusu eneo lile, na ninaamini hivyo kuhusu Kongo. Lakini imani ambayo haijawahi kusikia hoja ya upande wa pili ni woga tu uliovaa suti. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kisheria kuwa majimbo manne, Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na Haut-Lomami. Wengi wetu tulikuwa watoto. Je, tuligawanywa, tuligawanyika, au tuligawana? Sijasikia mtu akiliuliza swali hilo kwa Kiswahili katika ukumbi wowote wa chuo.

Ndiyo maana ninatoa ombi kwa walimu na wenzangu wa kitivo. Tunafanya kazi nyingi za mwisho wa masomo kuhusu methali, majina ya watu na nyimbo za harusi, na ni kazi nzuri. Tuongeze nyingine. Tukusanye maneno ambayo wazee wa mji huu, wa Likasi, wa Kolwezi na wa Manono wanayatumia kusimulia miaka ya 1960 hadi 1963 na miaka ya 1992 na 1993, kwa Kiswahili chao wenyewe, bila kuwasahihisha. Tuandike nani alitumia -ji-, nani alitumia kauli ya kutendwa, nani alisema "wao" na nani alisema "sisi". Walio watoto wakati ule sasa wamepita miaka sabini. Kinasa sauti kimo katika kila simu, na nkambo wangu amekubali kuwa wa kwanza, kwa sharti moja: kwamba nkambo wa kiume arekodiwe siku nyingine, na kwamba kila mmoja wao aruhusiwe kusikiliza ya mwenzake.